Askari Wawili wa Batian

Mlima Kenya ni volkano iliyozimika zamani sana. Kasoko yake imekwisha kumomonyoka, na mwamba uliogandia kooni mwake ndio uliobaki umesimama: Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188. Wageni wengi huishia kilele cha Lenana, kwa maana Lenana hufikiwa kwa kutembea. Batian hutaka mikono.

Mwaka 1930 Eric Shipton na Bill Tilman, walowezi wa mashambani Kenya, waliiendea Batian kwa mgongo wa magharibi, ambao hakuna aliyekuwa ameupanda. Juu yake zimesimama nguzo mbili za mwamba, Petit Gendarme na Grand Gendarme. Wapandaji huziita hivyo kwa Kifaransa, yaani askari, na jina limewakaa: ukifika, wamekuzibia njia.

Ninachokistahi zaidi ni usomaji wao wa mlima. Mlima huu uko karibu kabisa na ikweta, hivyo una majira mawili kwa wakati mmoja. Jua likielekea kaskazini katikati ya mwaka, uso wa kaskazini hukauka na wa kusini hushika barafu. Januari mambo hugeuka. Mgongo wa magharibi umekaa kati ya nyuso hizo. Anayeupita hutoka kwenye ufa mkavu wa kupenyeza vidole akaingia mteremko wa kuchongwa ngazi kwa shoka, pigo kwa pigo, kisha akarudi jiweni. Mmoja hupanda, mwenzake hujibana mahali akiilegeza kamba kidogo kidogo. Kamba za wakati ule zilikuwa za katani. Wa mbele akiponyoka, huenda wakaanguka wote wawili. Kwa hiyo kila jiwe hujaribiwa kabla ya kuaminiwa, na haraka yote hubaki katika kuamua, si katika mguu.

Na hawakurudi walikopandia. Kutoka Batian walivuka hadi Nelion, wakashukia uso wa kusini mashariki, njia ambayo Shipton aliifungua mwaka 1929 pamoja na Wyn Harris. Walikwenda wasikokujua wakiwa na hakika ya pa kutokea.

Barafu imepungua mno mlimani tangu siku zao, na palipochongwa ngazi huenda leo pakawa na kokoto zinazoteleza. Askari wawili bado wamesimama, na wapandaji wanaowafikia ni wachache.