Kabla ya Muhuri

Ukitaka kumpima mchora ramani, achana kwanza na ile picha ya rangi inayoonyesha jengo limekamilika, anga la buluu na gari jipya mlangoni. Picha hiyo kompyuta inaimudu. Tafuta karatasi yenye mkato wa ngazi, yaani ngazi inavyoonekana jengo likikatwa kwa upande, uisome tarakimu kwa tarakimu.

Tuchukue jengo la kawaida la pale Salama, kituo cha barabara ya Mombasa upande wa Makueni, ukishapita Malili na kabla hujafika Sultan Hamud. Mwenye ploti ya futi 50 kwa 100 anataka maduka chini, yatazame malori yanayosimama, na vyumba vya kupangisha juu. Kutoka sakafu ya chini hadi ya juu ni milimita 3,000. Gawanya kwa 18, kila kidato kitainuka milimita 167 hivi. Mahali pa kukanyagia pape milimita 280. Wasanifu wana hesabu ya miaka mingi: kimo cha kidato mara mbili, ongeza upana wa pa kukanyagia, jibu lizunguke 600 na kitu, kwa kuwa hatua ya mtu mzima ndiyo hiyo. Hapa tunapata 614. Mpangaji anayepanda na mtungi wa lita 20 wa maji, jambo la kila siku katika ukame wa Ukambani, hatalazimika kutazama miguu yake.

Sasa panda kwa kichwa badala ya miguu. Ngazi hii ikienda moja kwa moja bila kukunja, ina urefu wa milimita 4,760, na slabu ya juu lazima iachiwe uwazi wa kupitia. Uwazi uanzie wapi? Kama slabu na boriti yake vina kina cha milimita 450, na mtu anahitaji nafasi ya mita 2 juu ya kidato anachokanyaga, basi boriti isipite kidato cha tatu. Mchoraji akitaka kumfurahisha mwenye ploti kwa kukipa chumba cha juu nafasi zaidi, akaisogeza boriti hadi kidato cha sita, nafasi inabaki mita moja na nusu. Kila mpangaji atagonga paji la uso. Ramani ya juu, ile inayoonyesha vyumba vimepangwa, haitafichua kosa hilo. Mkato ndio unaofichua, na ndiyo sababu anayenakili ramani ya mtu mwingine hupenda kuuruka.

Ninapenda kazi hii kwa sababu haina pa kujifichia. Mshairi akikosea mizani, msomaji atamsamehe akiwa na moyo mwema. Boriti haina moyo.

Na ngazi ndiyo rahisi. Udongo una ujanja zaidi. Nyanda za Konza na Malili zina ule udongo mweusi ambao hufura mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi kikishika. Jengo lililoegemea udongo huo huinuka na kushuka kidogo kidogo, na baada ya misimu michache utaona ufa umeanza kwenye pembe ya dirisha, ukipanda mshazari. Dawa yake inajulikana: uchimbwe, utolewe, msingi uteremke hadi kwenye tabaka gumu. Ukisogea kuelekea vilima vya Kilungu mambo hubadilika, mteremko nao huleta maswali yake. Kwa hiyo ramani nzuri ya Malili inaweza kuwa ramani mbaya kilomita chache tu mbele. Ndiyo maana msanifu mzoefu huuliza habari za shimo kabla ya kuuliza idadi ya vyumba.

Halafu kuna paa. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 100 za mraba, mwaka wa mvua ya milimita 500, linapokea lita 50,000. Hata ukitoa zinazorushwa na upepo na zinazopotea kwenye mabati, bado ni maji ya kuhesabiwa. Lakini Makueni na Kitui hupata mvua kwa vipindi viwili vifupi, na ile ya Oktoba hadi Desemba ndiyo wakulima huitegemea zaidi. Mifereji ikiwa myembamba, maji ya siku tatu kubwa yatamwagika ukutani na kulowesha msingi uleule tuliohangaika nao. Mchoraji anayejua Ukambani huchora tangi tangu siku ya kwanza, mahali pake, uzito wake na bomba la kufurikia. Asiyejua humwachia fundi, na fundi huliweka palipobaki.

Haya yote hukutana chini kabisa ya karatasi, upande wa kulia, penye kisanduku chenye jina, tarehe, kipimo na muhuri. Muhuri wa msanifu aliyesajiliwa Kenya hubeba namba inayoanza kwa herufi A. Wa mkadiriaji majenzi huanza kwa Q. Mwenye ploti huona alama ya wino aliyoilipia. Mimi huona miaka.

Sheria ya Wasanifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, Sura ya 525, ni ya mwaka 1934, enzi za ukoloni, na ndiyo inayokataza mtu asiyesajiliwa kujiita msanifu. Bodi inayosimamia daftari, ambayo kila mtu kwenye mjengo huiita BORAQS, ni moja kwa nchi nzima. Kijana anayetaka jina lake liingie humo husoma miaka mitano au sita katika Chuo Kikuu cha Nairobi, JKUAT kule Juja au penginepo. Baada ya hapo hufanya kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa, halafu hukabili mitihani ya bodi. Chuoni alisifiwa kwa ubunifu. Bodi inataka kujua mengine: mkataba unasemaje kontrakta akichelewa, nani anawajibika slabu ikimwagwa bila kukaguliwa, hati ya malipo inatolewa lini na inakataliwa lini. Wengi huona sehemu hii ni ya kuchosha. Kwangu ndiyo yenye heshima, kwa sababu hapo ndipo mtu anafundishwa kusema hapana kwa mteja anayemlipa.

Marekani waliligawa jambo hili kwa namna nyingine. Jimbo la Illinois lilitunga sheria ya kuwapa wasanifu leseni mwaka 1897, la kwanza kufanya hivyo, na majimbo mengine yakafuata kila moja kwa utaratibu wake. Matokeo yake, msanifu mwenye leseni upande mmoja wa mpaka alikuwa mgeni upande wa pili. Mwaka 1919 ndipo lilipoundwa baraza la taifa la bodi hizo, NCARB. Leo linaunganisha bodi 55: za majimbo 50, mji mkuu wa Washington, na maeneo manne ya visiwa, Guam, Puerto Rico, Visiwa vya Virgin na Mariana ya Kaskazini.

Baraza hilo halitoi leseni hata moja. Leseni ni ya bodi ya jimbo, na bodi ikikataa, imekataa. Kazi ya baraza ni kufanya mara moja yale ambayo bodi 55 zingeyafanya mara 55, tena vibaya. Linatunza rekodi za mafunzo ya kazini, saa 3,740 zilizogawanywa katika maeneo sita, kuanzia uendeshaji wa ofisi hadi usimamizi wa ujenzi, na kila saa lazima iidhinishwe na msimamizi. Linatunga mtihani wa sehemu sita. Linatoa cheti kinachomrahisishia msanifu wa jimbo moja kuomba leseni katika jingine. Na linatunza kumbukumbu za nidhamu, ili aliyeadhibiwa huku asihamie kule akajifanya mpya.

Katika hayo yote, kilichonivuta ni utungaji wa mtihani. Maswali huandikwa na wasanifu wanaofanya kazi, wanaojitolea muda wao, kisha swali jipya huchanganywa na mengine kwenye mtihani halisi bila kuhesabiwa alama. Mtahiniwa halijui. Yeye anajibu swali, na swali nalo linatahiniwa. Ikionekana kwamba wale waliofanya vizuri kwingine kote wanalikosa hilo, na waliobahatisha wanalipata, lawama inalirudia swali lenyewe na linatupwa. Fikiria uvumilivu huo: watu wazima wenye ofisi zao, wanabishana juu ya sentensi moja ya swali kuhusu mfereji wa paa, ili miaka kadhaa baadaye mtu wasiyemjua asipewe muhuri asioustahili, au asinyimwe anaoustahili. Sijaona filamu ikitengenezwa juu yao na sidhani itatengenezwa.

Afrika Mashariki tuna kivuli cha mpango wa baraza hilo. Kenya ina BORAQS, Tanzania ina AQRB, Uganda ina bodi yake chini ya sheria ya mwaka 1996, na mwaka 2011 zilikubaliana kutambua wasanifu wa kila upande chini ya soko la pamoja la Jumuiya. Ni hatua ya maana kwa ofisi kubwa za Nairobi na Dar es Salaam. Kwa Salama ina uzito mdogo. Shida ya Salama haipo mpakani Namanga. Ipo kati ya Nairobi na mji wa Wote.

Kwa maana Kenya tumeligeuza jambo. Anayethibitisha mtu ni bodi ya taifa, lakini anayeidhinisha jengo ni kaunti, na kaunti ziko 47. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inaiachia serikali ya kaunti ruhusa ya kujenga. Ramani ya ploti yetu inapelekwa Wote, makao makuu ya Makueni, na ingekuwa katika kaunti jirani ya Kitui ingepelekwa Kitui mjini. Huko inapitia kwa mpangaji miji, mhandisi, afisa wa afya. Mmoja anaangalia kama jengo limeingia hifadhi ya barabara, na kwenye barabara kuu ya Mombasa hilo si swali la kupuuza. Mwingine anatafuta choo kiko wapi na shimo lake liko umbali gani na kisima. Mwingine anahesabu vyuma vya nguzo. Mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, sheria inachukulia kwamba ameruhusiwa. Kwa hiyo ukimya wa ofisi nao ni uamuzi, na pengine wa hatari.

Hapo ndipo afisa wa kaunti anapouhitaji mkono wa taifa. Hawezi kumtahini upya kila msanifu; anahitaji kuliamini daftari la BORAQS, kuiangalia namba na kuendelea na ngazi na choo. Hawezi kujitungia kanuni. Anatumia Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka 2024, zilizoanza kufanya kazi Machi 2025 na kuchukua nafasi ya kanuni za mwaka 1968. Zile za zamani zilitimiza zaidi ya nusu karne zikiongoza nchi iliyokwisha badilika kabisa. Na ramani ikishatoka mezani kwake, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ndiyo inayosajili makontrakta kwa madaraja, la nane hadi la kwanza, na kukagua mjengo wenyewe.

Mnyororo huo ukikatika tunajua kinachofuata. Aprili 2016 ghorofa iliporomoka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua, ikaua makumi ya watu. Ilikuwa imejengwa kando ya mto bila idhini. Baadaye majengo mengi ya mji huo yakapakwa X nyekundu ya kubomolewa. Rangi ni rahisi. Kilichokosekana ni yale maswali yasiyopendeza yanayoulizwa karatasi ikiwa bado mezani, wakati kusogeza boriti kunagharimu kifutio tu.

Nimemsifu msanifu na mtunga mtihani. Wa tatu ni afisa wa Wote, na huyu humsikii akisifiwa hata na wenzake. Kusoma ramani ya mtu mwingine ni ufundi tofauti na kuchora yako. Anayechora anajua alichokusudia; anayesoma anaona kilichoandikwa tu, na lazima apinge kishawishi cha kujaza mapengo kwa nia njema. Afisa mzuri haandiki "rekebisha ngazi". Anaandika kidato cha ngapi, nafasi iliyobaki ni milimita ngapi, na karatasi ipi imepingana na ipi. Maoni ya namna hiyo humfundisha hata mchoraji aliyekuja kwa njia ya mkato, akitaka asitake.

Na hao wa njia ya mkato wapo. Kuazimisha muhuri ni ugonjwa unaofahamika katika fani: kijana anachora, mwenye namba anagonga bila kusoma, pesa zinagawanywa. Mwenye ploti anadhani amelipia miaka ya mtu, kumbe amelipia wino. Bodi ina uwezo wa kuadhibu na hata kufuta jina kwenye daftari, lakini haiwezi kuadhibu isichokiona, na anayekiona wa kwanza ni yuleyule afisa wa kaunti mwenye rundo la majalada mezani.

Ningeruhusiwa kuazima kitu kimoja kutoka lile baraza la Wamarekani, ningeuacha mtihani wao, maana wa kwetu tunao. Ningechukua zile kumbukumbu za nidhamu na kuzifungua kwa ofisi zote 47, pamoja na orodha ya ramani zilizorudishwa na sababu zake. Ramani iliyokataliwa Wote Jumatatu kwa ajili ya boriti ingejulikana Kitui kabla haijabadilishwa jina la ploti, ikagongwa muhuri wa mtu mwingine na kuwasilishwa upya. Na mwenye namba aliyegonga ramani tatu zenye kosa lilelile katika kaunti tatu angeitwa Nairobi, bodi imwulize ni lini mara ya mwisho alisoma mkato kabla ya kutia wino.