Kukunja, Kubandika na Kukata: Sanaa ya Karatasi kwa Mizani ya Vitenzi Vyake

1. Utangulizi

Makala haya mafupi yanahusu sanaa ambayo kwa kawaida haihesabiwi katika kurasa za masomo ya Kiswahili, nayo ni sanaa ya kupamba kwa karatasi: kukunja, kukata, kupanga vipande na kuvibandika hadi vikafanya picha au umbo jipya. Wengi huiona kuwa mchezo wa watoto au pumbao la mtu asiye na kazi. Hata lugha yenyewe imeiweka mahali pa kutiliwa shaka. Neno uraibu, ambalo hutumika kwa jambo alipendalo mtu kulifanya wakati wa mapumziko, ndilo hilo hilo litumikalo kwa tambuu, tumbaku na, siku hizi, dawa za kulevya. Basi mwenye kukata maua ya karatasi jioni anajikuta amewekwa fungu moja na mvuta sigara.

Dharau hiyo haina msingi. Mary Delany, mjane wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1700, alianza kutengeneza picha za maua kwa vipande vya karatasi za rangi alipokuwa na umri wa miaka 72 hivi. Hakuwa msanii wa kulipwa. Hata hivyo, katika miaka kumi, kabla macho yake hayajamshinda, alikamilisha picha karibu 1000, zenye uaminifu mkubwa kwa sura ya kila mmea, na leo zimehifadhiwa katika British Museum, London. Hayo yalitukia takriban miaka 140 kabla ya Picasso na Braque kubandika karatasi katika michoro yao mwaka 1912, tendo ambalo vitabu vingi vya historia ya sanaa hulihesabu kuwa mwanzo wa kolaji.

Madhumuni yetu ni mawili. Kwanza, tunataka kuonyesha kwamba vitenzi vya Kiswahili vinavyotaja kazi hii vinabeba kipimo cha kuihakiki. Pili, tutakitumia kipimo hicho kwa kazi za wasanii watatu wa Kenya na Kongo, kisha tutakirudisha hapa Mulongwe, mjini Uvira, ambako suala la karatasi gani ikatwe na ipi isikatwe si suala la urembo peke yake.

2. Vifaa vimesafiri, vitenzi vimekaa nyumbani

Majina ya vifaa vya kazi hii yametoka mbali. Karatasi ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, nacho Kiarabu kililipokea kutoka Kiyunani. Mkasi, ambao wengi hapa kwetu huuita makasi, nao umetoka Kiarabu. Gundi asili yake ni Bara Hindi. Jina kolaji limetokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kubandika kwa gundi. Vitenzi vyetu, kinyume chake, ni vya Kibantu kwa umbo: kunja, bandika, kata. Wenyeji walipokea vifaa vipya, lakini matendo yenyewe walikuwa nayo tangu zamani, wakiyatenda kwa majani, magome na ngozi.

Tuviangalie vitenzi hivyo kwa jicho la sarufi. Kiswahili kina kiambishi cha kutengua, yaani kile kinachogeuza tendo kuwa kinyume chake: funga hufunguliwa, ziba huzibuliwa. Kunja kina kunjua. Bandika, chenye kiambishi -ik- cha kuweka kitu juu ya kingine, kina bandua. Lakini kata hakina mwenzake. Umbo katua lipo, ila maana yake ni kusafisha chombo cha madini hadi king'are. Si kinyume cha kukata. Katika lugha yetu kilichokunjwa hukunjuliwa, kilichobandikwa hubanduliwa, bali kilichokatwa kimekatwa.

Pengine msomaji atasema kwamba hiyo ni bahati tu ya msamiati. Hatudai kwamba sarufi hutunga falsafa. Tunachodai ni kwamba mgawanyo huu unalingana na tabia ya karatasi yenyewe. Karatasi iliyokunjwa hurudi kuwa bapa, ingawa alama ya mkunjo hubaki kwa kuwa nyuzi zake zimeumia. Iliyobandikwa hubanduka, ikiwa gundi inakubali. Iliyokatwa haiungani tena. Huweza tu kubandikwa kando ya mwenzake, na mpaka ukaonekana. Kwa hiyo neno kolaji, linalotaja gundi pekee, linataja nusu ya kazi iliyo nyepesi na kuisahau nusu iliyo nzito. Swali la kwanza la mhakiki lisiwe “amebandika vipi?” bali “amekata nini, na mkato ameufanyia nini?”

3. Mikato mitatu

Wangechi Mutu alizaliwa Nairobi mwaka 1972. Katika mfululizo wake wa picha 12 uitwao Histology of the Different Classes of Uterine Tumors, uliokamilika katikati ya miaka ya 2000, alichukua michoro ya zamani ya kitabibu kuhusu maradhi ya kizazi cha mwanamke, akaibandika juu yake macho, midomo na vipande vya picha zilizochapwa, hata kila mchoro ukawa uso. Hapa mkato umeachwa wazi. Kingo za vipande zinaonekana, na vipande havilingani. Wako watakaoiona kazi hii kuwa ya kutisha, nao hawakosei. Lakini ukali huo una sababu. Daktari aliyechora kizazi amemkata mwanamke kwa kalamu. Mwenye jarida la mitindo amemkata kwa kamera, akachukua mguu na kuacha mtu. Mutu anaurudia mkato huo mbele ya macho yetu ili tusiweze kujifanya hatukuuona. Angelainisha kingo, kazi ingebaki pambo.

Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, anakata kwa njia nyingine. Katika mfululizo wake Mémoire wa mwaka 2006, alipiga picha za rangi za viwanda vilivyochakaa vya kampuni ya madini ya Gécamines, mrithi wa Union Minière du Haut-Katanga iliyoundwa mwaka 1906. Kisha akaweka ndani ya mandhari hizo, kwa kompyuta, picha nyeusi na nyeupe za wafanyakazi na mabwana wa enzi ya ukoloni zilizotoka katika hifadhi. Kingo zimekatwa kwa uangalifu mkubwa, hazichubui jicho. Hata hivyo mshono haukufichwa: umewekwa kati ya rangi na weusi. Mfanyakazi aliyesimama mbele ya mtambo uliokufa hana kivuli cha mahali pale. Yupo na hayupo. Kwa wasemaji wa Kiswahili wa Katanga, ambao lugha yao ilikua kwa kiasi kikubwa katika makambi ya migodi hiyo, hii ni picha ya ukoo kabla ya kuwa picha ya sanaa. Wala si ajabu kwamba tamasha aliloshiriki kulianzisha Lubumbashi mwaka 2008 lilipewa jina la Kiswahili tupu: Picha.

Wa tatu ni Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa Kimbembele-Ihunga mwaka 1948 na kufariki mwaka 2015. Kwa karatasi za rangi, katoni, vifungashio vya bidhaa na plastiki alijenga majumba na hatimaye miji mizima ya mfano, kama vile Kimbembele Ihunga (1994) na Ville Fantôme (1996). Ulimwengu ulimfahamu kupitia maonyesho ya Magiciens de la terre, Paris, mwaka 1989, na mwaka 2018 kazi zake zilionyeshwa kwa wingi katika Museum of Modern Art, New York. Yeye mkato ameuficha. Hakuna ukingo uliochanika wala tone la gundi. Kila ukuta umesimama kama uliomwagwa kwa zege. Ustadi huo unastahili sifa zote, lakini ndipo pia ilipo shaka yetu. Katika miji hiyo hatumwoni mkazi, wala soko, wala mfereji wa maji machafu. Ville Fantôme ni mji ambao mwenyewe aliueleza kuwa hauhitaji polisi. Ni ndoto njema, ila msomaji wa mwambao huu wa Tanganyika, anayejua mto ufanyavyo nyumba, atauliza mvua ikinyesha maji yatapita wapi. Mkato uliofichwa umeficha na gharama.

Basi tunao mmoja anayeuanika mkato, mmoja anayeuhamishia katika rangi, na mmoja anayeufuta. Kwa maoni yetu njia ya Baloji ndiyo yenye uzito zaidi, maana inamheshimu aliyekatwa bila kudanganya kwamba ameunganishwa tena. Lakini kuna jambo moja linalowaunganisha wote watatu. Hakuna kati yao ambaye kazi yake inategemea kuangamiza kitu cha pekee. Majarida na michoro ya vitabu ilichapwa kwa nakala nyingi. Picha za hifadhi zilikatwa katika kompyuta, na asili zikabaki. Vifungashio vilikuwa njiani kwenda jalalani.

4. Karatasi ya Mulongwe

Hapo ndipo tunapofika nyumbani. Katika mitaa ya Uvira sanaa ya karatasi haikuanza na vitabu vya mafunzo. Girilandi za Noeli na za arusi hukatwa kwa karatasi za rangi au kwa madaftari yaliyokwisha kuandikwa. Kurasa za majarida na kalenda za miaka iliyopita hubandikwa ukutani zikawa pambo na kinga ya vumbi. Katoni zinazoshushwa bandarini Kalundu huwa magari ya watoto. Aidha, ng'ambo ya mpaka, Burundi na Rwanda, kadi za salamu hutengenezwa kwa maganda makavu ya mgomba yaliyokatwa na kubandikwa hata yakawa watu, mitumbwi na nyumba.

Sasa vijana wengi wameanza kupenda mabandiko ya kumbukumbu: albamu na fremu ambamo picha za wazazi, barua na vyeti vya zamani hukatwa na kupangwa pamoja na maua ya karatasi. Nia ni njema. Lakini tukumbuke hali ya karatasi katika mji huu. Vita viliingia Uvira Oktoba 1996, na havikuwa vya mwisho. Watu walikimbia wakiwa na kile walichoweza kubeba. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba, na kila nyumba ilikuwa na sanduku lake. Mahali kama hapa picha ya babu, cheti cha ubatizo au daftari la mwalimu mzee mara nyingi hakina nakala popote duniani. Anayekizungushia mkasi ili kipate umbo la moyo anamaliza kazi ambayo mto uliiacha nusu.

Wako wanaojibu kwamba thamani ya bandiko ni kuwa na kitu chenyewe, si nakala yake. Jibu letu ni Mémoire. Wafanyakazi wa Baloji ni nakala, na ushahidi wao haukupungua. Mwenye simu yenye kamera au jirani mwenye mashine ya fotokopi hana sababu ya kukata asili.

Gundi nayo ichaguliwe kwa kipimo kile kile. Gundi za viwandani za kushonea viatu hushika mara moja na hazibanduki. Baada ya muda hupenya na kuacha doa. Uji wa unga wa muhogo, uliopikwa kwa moto mdogo hadi ukawa mzito na wa kung'aa, hushika karatasi vizuri, nao hulainika tena kwa maji. Watengenezaji wa nyaraka katika maktaba na makumbusho hutumia wanga wa ngano au wa mchele kwa sababu hiyo hiyo: kila kinachobandikwa sharti kiweze kubanduliwa na atakayekuja baadaye. Kasoro za uji huu zinajulikana. Mende huupenda, na unyevu wa ziwa huuletea kuvu. Kwa hiyo upakwe kidogo, kazi ikandamizwe chini ya vitabu hadi ikauke kabisa, na isitundikwe kwenye ukuta unaolowa. Magazeti, kwa kuwa hutengenezwa kwa mti uliosagwa tu, hugeuka manjano na kuvunjika yakikaa juani. Yanafaa kwa zoezi, hayafai kushikilia picha ya thamani.

Kingelez mwenyewe, kabla ya kujulikana, alifanya kazi ya kutengeneza vitu vilivyoharibika katika makumbusho ya taifa mjini Kinshasa. Mkono uliokata miji ya karatasi ulikuwa umejifunza kwanza kuunga kilichovunjika. Kuibandika picha iliyochanika juu ya karatasi imara, bila kupunguza hata ukingo wake, nako ni sanaa ya mabandiko, na kwa mji huu ndiyo inayohitajika zaidi.

5. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba sanaa ya karatasi inastahili kuhakikiwa, na kwamba Kiswahili kinatupa mizani: kunja kina kunjua, bandika kina bandua, kata kiko peke yake. Tunapendekeza istilahi mabandiko itumike badala ya kolaji katika ufundishaji, mradi mwalimu asisahau kuutaja mkato. Tunapendekeza pia kwamba wanafunzi wetu wanaokusanya masimulizi ya wazee wapige picha za karatasi wanazoonyeshwa, na wawaeleze wenye nyumba kwa nini. Wapambaji waendelee kupamba. Katoni zipo, kalenda za mwaka jana zipo, uji wa muhogo upo. Kile ambacho kipo kimoja tu kiachwe kizima.