Uhakiki wa Kanuni ya "Gawanya na Urudie" katika Uziduaji wa Kimiminika kwa Kimiminika

Katika mafunzo ya kemia, uziduaji wa kimiminika kwa kimiminika hufundishwa kwa kanuni moja: kiyeyushi kikigawanywa mafungu na kutumiwa kwa duru kadhaa, huzidua zaidi kuliko kikitumiwa chote kwa mara moja. Kanuni hiyo ni sahihi. Makala haya yanahoji jambo ambalo kanuni hailisemi: mgawanyo huo ukome wapi?

Msingi wake ni sheria ya mgawanyo iliyoelezwa na Walther Nernst mwaka 1891. Ikiwa ujazo wa maji ni V, kila fungu la kiyeyushi ni v, na uwiano wa mgawanyo ni K, sehemu inayosalia majini baada ya duru n ni [V/(V + Kv)]ⁿ. Kwa maji mililita 100, kiyeyushi mililita 90 na K ya 4, duru moja huzidua asilimia 78.3, duru tatu za mililita 30 huzidua 90.6, duru sita za mililita 15 huzidua 94.0. Mafungu yakiongezwa bila kikomo, kiwango hakivuki 97.3. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki hakijai. Duru mbili za nyongeza zilileta alama 12.3, tatu zilizofuata, 3.4 tu.

Aidha, fomula huchukulia kwamba K haibadiliki. Molekuli za asidi ya benzoiki huungana mbilimbili ndani ya benzini, hivyo uwiano hubadilika kadiri ukolezi unavyobadilika. Huchukulia pia kwamba tabaka hutengana kikamilifu. Anayezidua kafeini ya chai kwa diklorometani anajua kwamba kutikisa faneli kwa nguvu huzaa povu zito lisilotengana upesi, na kila duru huongeza upotevu.

Kwa hiyo neno "ufanisi" halitoshi likimaanisha asilimia iliyozidiliwa pekee. Mwaka 2024 Marekani ilipiga marufuku matumizi mengi ya diklorometani na kuweka masharti ya kinga kwa maabara. Kiyeyushi si maji ya kumwaga. Miongozo ya maabara iwatake wanafunzi waripoti pamoja asilimia iliyopatikana, ujazo wa kiyeyushi na muda uliotumika, kisha watetee idadi ya duru waliyoichagua. Hapo hesabu itakuwa chombo cha uamuzi, badala ya zoezi la kukariri.