Nusu Yuniti

Katika insulini nyingi zinazouzwa madukani kwa ajili ya binadamu, yuniti moja ni sehemu ya mia ya mililita. Paka mwenye kisukari mara nyingi huanzishiwa yuniti moja asubuhi na nyingine jioni, kisha daktari huipandisha au kuiteremsha dozi kwa nusu, pengine kwa robo. Baadhi ya sirinji ndogo za mililita 0.3 huwa na mistari ya nusu yuniti. Mstari wa robo haupo. Robo hukadiriwa kwa jicho.

Shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi anayeishi Mombasa, huikadiria robo hiyo akiwa amesimama dirishani, miwani puani, sirinji ameiinua kwenye mwanga. Kwanza huangalia viputo. Kwa mgonjwa anayechomwa yuniti 30, kiputo kimoja si kitu. Kwa paka wa yuniti moja, kiputo hichohicho chaweza kula nusu ya dawa. Hukigonga kwa ukucha mpaka kipande juu, hukirudisha kichupani, halafu huvuta tena taratibu. Nimemtazama mara nyingi na sijamwona akiharakisha, hata siku ambazo wageni wamejaa sebuleni na chai iko jikoni inachemka.

Paka mwenyewe anaitwa Jabali. Ni dume mzee aliyehasiwa, na jina alilipata enzi za unene wake. Paka wa aina hiyo ndio wanaopatwa zaidi: kongosho lao bado hutoa insulini kidogo, ila mwili uliojaa mafuta hauitikii tena inavyotakiwa. Kwa joto la Mombasa, paka anayekunywa maji mengi hamshangazi mtu. Kilichomshtua Shangazi ni sisimizi, waliokuwa wamejipanga safu kuelekea kwenye sanduku la mchanga la Jabali, wakiufuata mkojo. Hapo akaanza kumwangalia vizuri. Alikuwa anakula kuliko zamani, lakini uti wa mgongo ulishaanza kuhesabika. Miguu ya nyuma alikanyagia visigino, na paka mzima hutembea kwa vidole. Ni sukari iliyokuwa imeshaumiza neva. Daktari wa mifugo alipopima damu na mkojo, Shangazi alikuwa ameshajiandaa kwa jibu.

Insulini aliyoandikiwa ni glargine, ambayo binadamu pia huitumia. Nadhani ni dawa yenye akili ya ajabu. Ndani ya kichupa ina asidi na ni angavu kama maji. Ikiingia chini ya ngozi, ambako asidi hiyo hupotea, huganda kuwa chembechembe ndogo mno, na chembe hizo huyeyuka kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ndiyo maana haichanganywi na kitu wala haiongezwi maji ili kurahisisha kipimo: ukiiharibia asidi yake, umeiharibu yenyewe. Hukaa kwenye friji, mbali na sehemu inayogandisha. Stima ikipotea kwa muda mrefu, Shangazi huifunga kwenye mfuko na kuishusha ndani ya mtungi mdogo wa udongo uliotiwa maji nje, njia ambayo wagonjwa wa kisukari katika nchi za joto wameitumia kwa miaka mingi.

Sirinji nazo zina mtego wake. Insulini nyingi za wanyama zina yuniti 40 kwa mililita, na sirinji zake kwa kawaida huwa na kofia nyekundu. Za binadamu kwa kawaida zina yuniti 100, kofia ya rangi ya chungwa. Ukivuta dawa ya 100 kwa sirinji ya 40, paka atapata mara mbili na nusu ya ulichokusudia. Nyumbani kwa Shangazi sirinji za 40 haziruhusiwi kuvuka kizingiti, hata za bure.

Sindano hupigwa saa moja asubuhi na saa moja usiku. Mwezi wa Ramadhani ile ya usiku huja baada ya futari, na watu wa nyumba wameshazoea kumwona akiondoka mkekani kwa dakika chache. Kabla ya sindano huja tone la damu, nalo hutoka sikioni. Hukamua kwanza kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto kiasi na kulishika sikio nacho mpaka lipate joto na mshipa wa pembeni uonekane. Hupaka mafuta ya Vaseline, kidogo tu, ili damu isimame kama shanga badala ya kutambaa kwenye manyoya. Nyuma ya sikio huweka pamba, asijichome kidole. Kisha kisindano kinagusa ukingo wa sikio, damu inachomoza, anasogeza kipande cha kupimia, mashine inalia. Jabali hupewa kinofu cha kuku, na huwa ameanza kukidai kabla mashine haijalia.

Anapima nyumbani kwa sababu paka akipelekwa kliniki, sukari yake hupanda kwa hofu peke yake. Namba ya kliniki yaweza kuwa kubwa hata kama dawa inafanya kazi yake. Mashine anayotumia ni ya binadamu, na mashine hizo mara nyingi huonyesha namba iliyo chini kidogo ya sukari halisi ya paka, kwa kuwa sukari katika damu ya paka haikugawanyika kati ya chembe na majimaji kama katika damu yetu. Daktari analijua hilo na huzisoma namba kwa kuzingatia hilo. Muhimu kwao ni kwamba mashine haibadilishwi, ili namba ya leo iweze kulinganishwa na ya juzi.

Sindano yenyewe ni kazi ya kupepesa jicho. Jabali anakuwa na sahani mbele yake. Ngozi ya ubavuni inavutwa juu, sindano inaingia pale chini ya mkunjo, bomba linasukumwa, imekwisha. Leo ubavu huu, kesho ule. Halafu Shangazi hufanya jambo ambalo mwanzoni sikulielewa: hupitisha kidole kwenye manyoya, kisha hukinusa. Glargine ina kemikali ya kuihifadhi yenye harufu kali ya hospitali. Kidole kikinukia, dawa imemwagikia nje. Na ikimwagika, hata yote, harudii.

"Sukari ikikaa juu mpaka usiku, tutaishusha kesho," aliniambia. "Ikishuka kupita kiasi, mwanangu, huenda kesho asiione."

Ndipo nilipoelewa kwamba ufundi wa mama huyu uko zaidi kwenye daftari kuliko kwenye vidole. Ni daftari la shule la mistari, amelichora safu kwa rula: saa, sukari, dozi, alichokula, maji aliyokunywa. Siku ambazo daktari ametaka mchoro kamili, hupima kila baada ya saa mbili tangu asubuhi hadi jioni. Namba huanza juu, 17 au 18, hushuka taratibu, hufika bondeni mahali fulani mchana, kisha hupanda tena. Mtu asiyejua huishangaa ile 18. Shangazi huitafuta namba ya bondeni. Hiyo ndiyo inayosema dozi ina nguvu kiasi gani, na ikiwa kati ya 5 na 8 hivi, huridhika na kufunga daftari.

Namba ikiwa juu siku moja, hagusi kitu. Yaweza kuwa dozi ni ndogo. Yaweza pia kuwa Jabali alifukuzwa na mbwa wa jirani, au kichupa kimechoka, au sukari ilishuka sana usiku na ini likamwaga akiba yake kumwokoa, na ukiongeza dawa hapo unamsukuma kulekule alikotoka. Tena glargine haionyeshi nguvu yake yote siku ya kwanza. Hujijenga kwa siku kadhaa. Basi hungoja siku tano, wiki, akiandika tu. Kisha hupiga picha kurasa na kumtumia daktari kwa WhatsApp, na wakikubaliana huongeza nusu au robo. Kupunguza hakungoji hivyo: ikitokea namba chini ya 4, simu hupigwa siku hiyohiyo, na asali iko tayari rafuni, ya kupakwa kwenye fizi iwapo Jabali atalegea au kuanza kuyumba.

Mwaka 2009 Kirstin Roomp na Jacquie Rand walichapisha utafiti wa paka 55 waliotibiwa kwa glargine, wenye paka wakiwapima nyumbani na kurekebisha dozi kwa utaratibu mkali. Asilimia 64 ya paka hao walifika mahali pa kutohitaji insulini tena. Kwa walioanza utaratibu huo ndani ya miezi sita tangu kugunduliwa, ilikuwa asilimia 84. Kwa waliochelewa, 35. Namba hizo zilitoka jikoni na sebuleni, kwa watu waliokuwa na madaftari kama la Shangazi. Nawaheshimu sana watu hao.

Chakula nacho kina sehemu yake. Paka ni mla nyama, na Jabali alikuwa amelelewa kwa wali wa samaki uliobaki na biskuti za paka. Sasa anakula samaki na kuku, pamoja na chakula laini cha kopo kisicho na wanga mwingi. Badiliko hilo daktari alilisimamia kwa uangalifu kuliko sindano, kwa sababu wanga ukipungua sukari hushuka, na dozi iliyokuwa sawa Jumatatu yaweza kuwa kubwa mno Ijumaa. Wiki hizo vipimo viliongezeka, na dozi ikateremka kutoka yuniti mbili hadi moja na nusu, hadi moja. Siku hizi ni nusu. Anatembea kwa vidole.

Shangazi hupenda kwenda Lamu wakati wa Maulidi. Safari hii alimwachia kazi binti wa jirani, baada ya kumfundisha kwa maji na chungwa, kisha kwa Jabali mwenyewe, yeye akiwa amekaa pembeni kimya. Juu ya friji alibandika karatasi: "Kwanza ale. Asipokula, usimchome, nipigie. Ikiwa chini ya 6 kabla ya sindano, usimchome, nipigie. Kama huna hakika dawa imeingia, usirudie. Kuku wake yuko kwenye bakuli la kijani."