Tepu Safi, Moyo Uliosimama

Pigo la ziada kutoka chemba ya chini ya moyo halihitaji jicho la bingwa. Kwenye karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, linajitokeza kabla ya zamu yake, pana na limekaa kombo, halafu moyo unanyamaza kidogo ndipo urudi kwenye mwendo wake. Mgonjwa atakwambia moyo umeruka, au umejikwaa. Wengi hawasikii chochote.

Miaka ya 1980 madaktari wa Marekani walishajua kwamba mtu aliyenusurika shambulio la moyo akabaki na mapigo hayo mengi yuko hatarini zaidi kufa ghafla kuliko mwenzake asiye nayo. Wengi wakaruka kutoka hapo hadi tiba: tuyafute mapigo, tuzuie kifo. Na dawa zilikuwepo. Enkainaidi na flekainaidi ziliyafagia kweli. Mashine ya Holter, inayorekodi umeme wa moyo kwenye tepu saa 24 huku mgonjwa akiendelea na shughuli zake, ilionyesha mapigo ya ziada yamepungua kabisa. Nani angebishana na tepu safi?

Taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia moyo, mapafu na damu iliamua kulipima jambo lenyewe. Jaribio lake, CAST, lilianza kugawa wagonjwa mwaka 1987, na ni muundo wake ninaotaka kuutazama kwa karibu.

Kwanza kulikuwa na chekecheo. Kila mgonjwa alipewa dawa halisi, dozi ikirekebishwa au dawa ikibadilishwa hadi Holter ionyeshe kwamba walau asilimia 80 ya mapigo ya ziada imetoweka. Waliofikia hapo ndio waliopigiwa kura: huyu aendelee na dawa iliyomfaa, yule apewe kidonge kinachofanana nayo ila hakina dawa ndani. Mgonjwa hakujua amepata kipi, na daktari wake pia hakujua.

Sasa angalia chekecheo hilo lilivyoipendelea dawa. Ambaye mapigo yake hayakufutika, ambaye dawa ilimvuruga, hata aliyekufa katika siku za kutafuta dozi, hakuingia kwenye ulinganisho. Waliobaki ni wale ambao dawa ilikuwa imewakubali. Kama flekainaidi na mwenzake wangeshinda popote, wangeshinda hapa. Watafiti wenyewe walikuwa na imani hiyo kiasi kwamba hesabu ilipangwa awali iwe ya upande mmoja, ya kuuliza kama dawa inaokoa. Kwamba ingeweza kuua halikuwa swali lao. Kwangu mimi hicho ndicho kipande dhaifu kuliko vyote. Kilichowaokoa ni uamuzi wa kuhesabu vifo badala ya mapigo.

Aprili 1989 sehemu ya dawa hizo mbili ilisimamishwa kabla ya wakati. Hesabu kamili iliyotoka mwaka 1991 ilionyesha kwamba kati ya wagonjwa 755 waliokuwa kwenye dawa walikufa 63. Kati ya 743 waliomeza kidonge kitupu walikufa 26. Wastani wa kufuatiliwa ulikuwa miezi 10 tu.

Kwa nini? Dawa hizi huziba milango ya sodiamu kwenye chembe za moyo, na sodiamu ndiyo inayousukuma umeme kutoka chembe moja hadi nyingine. Pigo la ziada hukosa nguvu, likafa. Lakini umeme wote wa moyo nao unapunguzwa kasi, na alama yake iko kwenye karatasi ile ile: wimbi la QRS, yaani alama ya umeme ukipita chemba za chini, linatanuka. Karatasi ikienda milimita 25 kwa sekunde, kila kijisanduku kidogo ni sekunde 0.04, na QRS ya kawaida haifiki vijisanduku vitatu. Katika moyo mzima kuchelewa huko huvumilika. Katika moyo wenye kovu la shambulio, umeme unaojikokota kulizunguka kovu huweza kukuta njia uliyotoka imeshapumzika, ukaingia tena, ukazunguka bila kukoma. Chemba ikaanza kutetemeka, damu isisukumwe. Tepu ya juzi ilikuwa safi.

Dawa ya tatu ya jaribio hilo, morisizini, ilibaki ikipimwa peke yake katika CAST II, ambayo nayo ilikatizwa mwaka 1991: ndani ya siku 14 za kwanza watu 17 kati ya 665 walikufa au moyo wao ulisimama, dhidi ya 3 kati ya 660 waliopata kidonge kitupu au wasiopewa dawa. Wakati huo propranololi, dawa ya kawaida isiyosifika kwa kufagia tepu, ilikuwa imeshaonyesha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba inapunguza vifo baada ya shambulio la moyo.

Enkainaidi iliondolewa sokoni Marekani. Flekainaidi bado ipo, kwa wagonjwa ambao chemba zao za juu zinatetemeka lakini moyo wenyewe hauna kovu. Ndiyo sababu kabla ya kuiandika daktari huomba ekoo ya moyo kutafuta kovu, na baada ya kuianza hurudia ECG ili aone QRS imetanuka kiasi gani.