Koa Katikati ya Bara

Nilipochora ramani ya nchi yangu ya kubuni, niliilowesha karatasi kwa chai ya rangi na kuchoma kingo ili ionekane ya kale. Nilijisifu sana, mpaka nilipoitazama ramani ya kale ya kweli: ile ya wamisionari Erhardt na Rebmann, iliyochapishwa 1856. Ndani ya bara letu wameweka bahari moja kubwa, imelala kama koa. Bahari hiyo haipo. Waliwahoji wasafiri wa misafara huko pwani. Kila njia ikaishia majini, nao wakayaunga Victoria, Tanganyika na Nyasa kuwa maji mamoja. Burton na Speke walipofika Ujiji, 1858, koa akaanza kukatika.

Hata hivyo inaishinda yangu. Kosa lake lina watu ndani: nyuma ya ufuko wake kuna neno la mtu aliyetembea. Tunawakumbuka wachoraji, wasemaji tumewasahau. Yangu ilikuwa na uzee, haikuwa na shahidi.

Nikashuka mwaloni Katonga.

“Shikamoo mzee. Ng’ambo ni mbali?”

“Marahaba. Inategemea unavuka na upepo gani.”

Nimeanza upya, na upepo.