Ufunguo Msingi na Jina la Mtoto: Uhakiki wa Mfano Mmoja wa Codd (1970)

Makala ya Edgar F. Codd yaliyochapishwa mwaka 1970 katika jarida la Communications of the ACM, akiwa mtafiti wa IBM huko San Jose, Marekani, ndiyo chimbuko la hifadhidata za kimahusiano. Katika masomo ya uzamili ya mifumo ya taarifa, mawazo yake mawili ni ya msingi: kwamba data ni seti za safu, na kwamba mtumiaji hapaswi kulazimika kujua jinsi data hizo zilivyopangwa ndani ya mashine. Uhakiki huu unajikita katika sehemu moja ndogo ya makala hayo, yaani mfano wa wafanyakazi na watoto wao.

Katika mfano huo, taarifa za mfanyakazi zimebeba orodha nyingine ndani yake: historia ya kazi, mishahara na watoto. Codd anazitoa orodha hizo na kuzifanya majedwali yanayojitegemea, ili kila kisanduku kibaki na thamani moja tu. Jedwali la watoto linakuwa na sifa tatu: namba ya mfanyakazi, jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa. Ufunguo msingi wake ni namba ya mfanyakazi pamoja na jina la mtoto. Kihisabati, hatua hiyo haina dosari. Hata hivyo, imebeba dai lisilo la kihisabati: kwamba mzazi mmoja hawezi kuwa na watoto wawili wenye jina moja.

Dai hilo halisimami kila mahali. Kwa desturi ya Wakikuyu wa Kenya, mwana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba. Mume akiwa na wake wawili, kila nyumba hufuata utaratibu huohuo; hivyo ndugu wawili wa baba mmoja huitwa kwa jina la babu yao. Baba huyo akiwa mfanyakazi, jedwali litampokea mtoto anayesajiliwa kwanza na kumkataa wa pili. Ikiwa jedwali hilo ndilo linaloamua nani agharimiwe matibabu, kosa la ufunguo hugeuka kuwa kunyimwa haki. Kuongeza mwaka wa kuzaliwa katika ufunguo hakutoshi, kwa kuwa wake wawili wanaweza kujifungua mwaka mmoja. Udhaifu mwingine ni kinyume cha huo: wazazi wote wawili wakiwa waajiriwa wa mahali pamoja, mtoto mmoja huandikwa mara mbili, na hakuna kinachoonyesha kwamba ni yuleyule.

Inaweza kujibiwa kwamba mfano huo ulikusudiwa kufafanua mbinu, wala si kueleza familia. Jibu hilo lina uzito. Aidha, mwaka 1979 Codd mwenyewe, katika makala yaliyolenga kuipanua modeli yake ili ibebe maana zaidi, alipendekeza vitambulisho vinavyotolewa na mfumo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, William Kent, katika kitabu chake Data and Reality, alikuwa amehoji ni nini hasa kinachokifanya kitu kihesabiwe kuwa kimoja. Hata hivyo, kitambulisho cha mfumo hutofautisha safu tu. Hakithibitishi kwamba safu mbili ni watu wawili.

Funzo kwa tasnifu za mifumo ya taarifa liko hapo. Kuyafikisha majedwali katika umbo la tatu la kawaida ni kazi inayofuata kanuni, na usahihi wake hukaguliwa kwa urahisi. Utegemezi baina ya sifa, ambao ndio msingi wa kazi hiyo, ni dai kuhusu watu na taratibu zao. Data zilizokusanywa zinaweza kulikanusha dai hilo, lakini haziwezi kulithibitisha: wafanyakazi 100 wasio na watoto wa jina moja hawasemi lolote kuhusu wa 101. Kwa hiyo, kila ufunguo katika tasnifu unastahili kuambatana na maelezo ya kanuni iliyouzaa, ya aliyeitoa kanuni hiyo, na ya njia itakayofuatwa pindi atakapotokea mtu asiyeingia ndani yake. Bila maelezo hayo, mtahini huwa amethibitisha umbo la majedwali tu. Ukweli wake unabaki haujachunguzwa.